Simu ya Mtoto: Kumchunga Bila Kumvunjia Faragha

Shule zinapofungwa, simu nyingi za wazazi katika Kaunti ya Meru huingia mikononi mwa watoto. Wengine hutafuta masomo, wengine hutazama video za TikTok, na wengine huandikiana na marafiki hadi usiku. Hapo ndipo mzazi hujiuliza: je, nina haki ya kusoma kila ujumbe wa mwanangu? Naye mtoto, hasa aliyefika sekondari, huuliza: kwani mimi sina siri?

Sheria za Kenya zinawajibu wote wawili.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na mtoto ni mtu. Kifungu cha 53 kinaongeza kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeyaunganisha hayo mawili. Inakataza mtu yeyote kuingilia faragha na mawasiliano ya mtoto kiholela, lakini papo hapo inampa mzazi au mlezi haki ya kusimamia mienendo ya mtoto kwa kiasi kinachofaa.

Maneno ya kushika ni "kiasi kinachofaa". Mtoto wa miaka tisa anayetumia simu ya mama hahitaji akaunti yake mwenyewe. Facebook, Instagram na TikTok zenyewe haziruhusu aliye chini ya miaka 13. Kwake, mzazi kukaa karibu na kuchagua anachotazama ni malezi. Lakini kijana wa miaka 16 anayesomewa jumbe zake zote kwa siri hujifunza jambo moja tu, yaani kuficha vizuri zaidi. Atafungua akaunti nyingine au ataazima simu ya rafiki, na mzazi atabaki akilinda simu isiyo na kitu.

Kwa nini kuaminiana ni ulinzi

Wahalifu wa mtandaoni hutegemea hofu ya mtoto. Mtu hujifanya wa rika lake, humsifu, humwomba picha ya utupu, kisha hugeuka: tuma pesa, la sivyo picha itafika kwa wazazi na shuleni. Si lazima awe mgeni. Utafiti uliofanywa nchini na kutolewa mwaka 2021 na mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF ulionyesha kwamba wengi wa wanaowadhulumu watoto kupitia mtandao ni watu ambao watoto hao tayari wanawajua, na kwamba ni watoto wachache sana wanaoripoti kwa polisi au kwa nambari ya msaada.

Mtoto anayeogopa kichapo au kunyang'anywa simu atalipa kimyakimya. Anayejua kwamba atasikilizwa kwanza atakuja mapema, kabla madhara hayajaenea.

Hatua za nyumbani

Kwanza, mwambie mtoto wazi ni nini utakachoangalia na kwa nini. Usimpeleleze.

Pili, kaeni pamoja mpange mipangilio ya akaunti. TikTok hufanya akaunti za walio chini ya miaka 16 kuwa za faragha na huwazuia kutumiana ujumbe wa moja kwa moja. Pia inaruhusu akaunti ya mzazi kuunganishwa na ya mtoto ili kupunguza muda wa matumizi, bila mzazi kusoma jumbe. Haya yote hufanya kazi tu ikiwa mtoto ameandika umri wake wa kweli.

Tatu, simu zote zilale sebuleni. Hata nyanya anayelea wajukuu na asiyejua TikTok ni nini anaweza kuisimamia kanuni hii.

Nne, ukiona dalili ya hatari, kama vile pesa au zawadi zisizoeleweka, hofu kila simu inapolia au kukataa kwenda shule, una sababu ya kutosha kuiangalia simu. Mweleze mtoto kwamba unafanya hivyo.

Watu wazima nao wajichunge

Mara nyingi anayemvunjia mtoto faragha ni sisi. Picha ya mtoto akiwa na sare ya shule, karatasi ya matokeo yenye jina lake au barua ya kujiunga na shule ya bweni humwonyesha mgeni mahali pa kumpata. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza Shule ya Roma iliyoko Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria hiyo inazihusu shule, makanisa, vikundi, na hata sisi tunaopiga picha katika hafla za kaunti. Mzazi ana haki ya kukataa.

Mambo yakiharibika

Usimlaumu mtoto na usilipe. Usifute jumbe. Hifadhi nambari, jina la akaunti, vitisho na jumbe za M-Pesa. Usiitume picha ya utupu ya mtoto kwa mtu yeyote, hata kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia kwa nia ya kuonya. Chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ya mwaka 2018, kusambaza au kuweka picha za ngono za watoto ni kosa lenye faini ya hadi shilingi milioni 20, kifungo cha hadi miaka 25, au vyote viwili.

Piga 116, nambari ya msaada kwa watoto. Haina malipo na hupokea simu usiku na mchana. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga. Unaweza vilevile kufika kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako au kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi, ukiwa na simu yenyewe. Jirani zetu wa Embu na Tharaka Nithi hutumia nambari hiyohiyo ya 116. Iandike mahali ambapo watoto wote wa nyumbani wataiona.