Waya Unaoutangulia Mrija

Tiba radiolojia ni tawi la utabibu linalomwezesha daktari kutibu viungo vya ndani bila kuupasua mwili, kwa kupitisha sindano au katheta, yaani mrija mwembamba unaopinda, katika tundu dogo la ngozi, huku akifuata mwendo wa chombo hicho kwenye picha ya eksirei au ya mawimbi ya sauti. Picha hii ya pili, ambayo Dar es Salaam huitwa utrasaundi na Bwiza, mtaa wa Bujumbura penye athari ya Kifaransa, huitwa ekografi, wengi huihusisha na wajawazito tu, ilhali ndiyo inayomwonyesha daktari ncha ya sindano ikiingia katika jipu la ini ili usaha uvutwe nje.

Kiini cha ufundi huu, hata hivyo, si mashine bali ni waya. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alichapisha njia ambayo kwayo sindano hutoboa mshipa, waya laini hupenyezwa ndani ya sindano, sindano hutolewa waya ukibaki, kisha katheta huvishwa juu ya waya, kama ushanga unaopita kwenye uzi, hadi iingie mshipani, na hapo waya nao huvutwa. Ni hila ndogo mno, lakini kwayo tundu halizidi sana unene wa mrija wenyewe.

Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, Charles Dotter aliitumia njia hiyo kumtibu bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu uliokuwa umeanza kuoza, akaipanua ateri ya paja iliyokuwa imebana, na mguu ukasalimika.

Katika Afrika Mashariki uhaba mkubwa umekuwa wa wataalamu. Timu kutoka Chuo Kikuu cha Yale zilianza kufundisha katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2018, na mwaka 2019 chuo kikuu cha Muhimbili kikaanzisha shahada yake ya fani hiyo, hatua yenye uzito zaidi, kwa kuwa wageni hukaa siku chache wakarudi kwao.

Si kila ugonjwa hutibika kwa njia hii: utumbo uliotoboka bado ni kazi ya kisu. Lakini katheta inapotolewa katika ateri ya paja, kwa kawaida hapashonwi kitu: muuguzi au daktari hukandamiza tundu kwa vidole kwa dakika 15 hivi, kisha mgonjwa hulazwa chali kwa saa kadhaa, mguu ukiwa umenyooshwa.