Ukianza na fremu tupu, baiskeli utaijua hadi gololi

KUANZIA Septemba 21 hadi 28, 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Wiki hiyo wanafunzi wangu hapa Bwera hawakuwa na mazungumzo mengine. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume, kilomita 267.5, na Magdeleine Vallieres wa Canada akashinda za wanawake. Lakini kilichowashangaza vijana zaidi ni baiskeli zenyewe.

"Mwalimu, ni kweli baiskeli ile unaiinua kwa kidole?" aliniuliza mmoja.

Si mbali na ukweli. Sheria ya shirikisho la dunia la mchezo huo, UCI, inasema tangu mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Sheria hiyo inahitajika kwa sababu fremu ya kaboni ya daraja la juu peke yake huweza kuwa chini ya kilo 1. Baiskeli nyeusi inayovuka daraja la Mpondwe na samaki au mafuta ya mawese ina uzito wa kilo 20 hivi kabla ya kupakiwa chochote.

Swali lake la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alitaka kujua kama wale wakimbiaji hununua baiskeli nzima dukani au huundiwa. Nilimjibu kwamba mafundi wa timu kubwa huanza na fremu tupu, kisha hufunga kifaa kimoja kimoja kwa kipimo cha mwili wa mpandaji. Nikamwambia pia kwamba sisi wa mpakani tunaifanya kazi hiyo hiyo, ila kwa sababu nyingine. Sisi hatuna fedha zote kwa mkupuo mmoja.

Deni halingojei mpaka

Mimi nilizaliwa na kusoma ng'ambo ya pili, Butembo, wakati nchi ile ikiitwa Zaire. Wazazi wangu walikimbilia huko kutoka Kasese siku za machafuko ya Rwenzururu. Nilirudi nyumbani baada ya vita vya 1998 nikiwa na cheti cha Kifaransa na begi moja. Mdogo wangu wa kike alibaki, akaolewa, akafanya biashara Beni. Mauaji yaliyoanza huko Oktoba 2014 yalimchosha, mwishowe akavuka na watoto watatu.

Alitaka kurudi kwenye biashara aliyoijua: kupeleka chumvi ya Katwe na samaki upande wa Kasindi, na kurudi na mawese na vitenge. Kwa hiyo alihitaji baiskeli. Mwenye duka mmoja alikuwa tayari kumkopesha mpya, alipe kila wiki. Akikosa wiki mbili, baiskeli inarudi dukani na alicholipa kinapotea.

Mpaka huu tunaujua sote. Juni 2019 Ebola ilipovuka hadi wilaya ya Kasese, siku za soko zilisitishwa. Machi 2020 korona ikafunga njia ya abiria kabisa, yakabaki malori ya mizigo. Nilimwambia, "Mdogo wangu, deni la kila wiki halingojei mpaka ufunguliwe. Tuanze na fremu." Fremu iliyolipiwa, hata ikiwa haina magurudumu, hakuna atakayekuja kuichukua.

Usinunue rangi

Kule nilikosoma fremu huitwa kadre na baiskeli huitwa velo. Huku wengi husema gaali. Majina ni tofauti lakini chuma ni kile kile, na kasoro zake ni zile zile.

Mzee fundi anayefanya kazi chini ya mti karibu na soko la Bwera alinifundisha mambo matatu. La kwanza: "Mwalimu, usinunue rangi." Fremu kuukuu iliyopakwa rangi jana huenda inaficha ufa. Tazama shingo ya fremu, pale bomba la chini linapokutana na bomba la mbele, na pale bakuli la krenki lilipoungwa. Pitisha ukucha. Rangi iliyojikunja mahali hapo ni dalili kwamba fremu iligonga kitu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye baiskeli iliyobeba gunia la kilo 100 ukuta huo ni mguu wako.

La pili ni uzi. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa, upande mmoja. Uzungushe shingoni, uurudishe upande wa pili na uukaze. Kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikilingana, mkia wa fremu umenyooka. Zisipolingana, mrudishie mwenyewe na usihangaike na bei.

La tatu ni karatasi. Kila fremu nzuri ina namba iliyogongwa kwenye chuma. Iandikwe kwenye hati ya mauzo, na mwenyekiti wa LC1 atie sahihi na muhuri. Kwa mtu aliyerudi majuzi, ambaye lafudhi yake inamfanya aulizwe maswali kila kizuizi, hati hiyo ni sehemu ya baiskeli kama pedali.

Mwezi kwa mwezi

Tulipanga miezi minne. Mwezi wa kwanza fremu na foki. Wa pili magurudumu. Wa tatu krenki, cheni na breki. Wa nne kiti, keria na stendi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mpangilio ndio wenye maana. Wengi huanza na kengele, kiti cha rangi na maua ya plastiki, halafu fedha za breki hazipatikani.

Kwenye magurudumu, hesabu spoki. Baiskeli hizi za mtindo wa zamani wa Kiingereza, zinazoundwa sana India, zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Nyuma ni nyingi kwa sababu ndiko uzito ulipo. Ukiuziwa habu ya nyuma yenye matundu 32, hiyo haikukusudiwa mzigo wako. Spoki zikishafungwa, zigonge moja moja kwa kijiti. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti zinazokaribiana. Inayotoa sauti nzito imelegea. Baada ya wiki moja ya kazi rudi kwa fundi azikaze tena, kwa maana gurudumu jipya lazima lilegee kidogo.

Kuna mtego hapa unaowapata wafanyabiashara wengi. Tairi huandikwa 28, nawe unalipa. Ukifika nyumbani haliingii. Sababu ni kwamba kuna 28 mbili. Ile ya baiskeli zetu, 28 mara 1½, ina kipenyo cha milimita 635 kwenye ukingo wa rimu. Ile ya baiskeli za mbio na za mitumba kutoka Ulaya ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini hakuna nguvu ya mkono itakayoziondoa. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, na uipuuze ile kubwa.

Kwenye krenki, gololi ni za robo inchi, 11 kila upande. Zikibadilishwa, zibadilishwe zote. Ukichanganya mpya na zilizolika, mpya ndizo zinazobeba uzito wote, na zinachimba bakuli. Kotapini, kile kipini kinachobana mkono wa pedali, kigongwe na kukazwa upya baada ya siku chache za kwanza.

Halafu breki. Kutoka Bwera kwenda mto Lhubiriha, ulio mpakani, njia inateremka. Wapo wanaosimamisha baiskeli kwa kukanyaga tairi la mbele na ndala. Ndala ikiteleza, mzigo haujui kwamba wewe umesimama. Breki za vyuma zinazovuta rimu kwa ndani zinafanya kazi vizuri ikiwa vipande vyake vya mpira vinagusa rimu kwa upana wote. Mvua ikinyesha nguvu yake hupungua sana, kwa hiyo shuka na usukume. Mdogo wangu alitaka kuanza kazi mwezi wa tatu kabla breki hazijafungwa. Nilibaki na cheni mfukoni mpaka Mzee alipozimaliza.

Na ile ya kaboni?

Yule mwanafunzi angali anaota fremu ya kaboni, nami sipendi kumkatisha tamaa. Kaboni ni nyuzi nyembamba sana zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa kwa gundi ngumu, kisha kuokwa ndani ya kalibu. Fundi huzilaza nyuzi kufuata njia ya nguvu, ndiyo maana fremu huwa nyepesi bila kuwa dhaifu.

Lakini ina masharti yake. Parafujo ya usukani au ya nguzo ya kiti hukazwa kwa spana yenye kipimo, mara nyingi karibu na Newton-mita 5, na kiwango huandikwa kwenye kifaa chenyewe. Ukikaza kwa nguvu za kifua kama tufanyavyo huku, unaivunja. Nguzo ya kiti hupakwa krimu yenye chembechembe ili ishike bila kukazwa mno, wala si grisi. Chuma kikigongwa hujipinda na ukakiona. Kaboni huweza kupasuka kwa ndani huku rangi ikibaki safi. Mzee wetu mwenye mashine ya kuchomelea hawezi kuitibu. Tena fremu ya mbio haina mahali pa kufunga keria.

Basi kila fremu na kazi yake. Kwa kupanda kilima cha mawe cha Kigali, kaboni. Kwa chumvi ya Katwe, chuma. Utaratibu wa kuziunda ni mmoja: kagua fremu, linganisha vipimo, funga kwa mpangilio, kaza tena baada ya siku chache. Kijana anayejua kunyoosha gurudumu la spoki 40 hapa Bwera ana mwanzo mzuri siku atakapopewa lile la kaboni.

Mdogo wangu anavuka sasa na baiskeli isiyo na deni. Keria yake imeongezwa nondo mbili, kazi ya Mzee. Cheni inapolia anajua kama ni mafuta au ni meno yaliyolika, na hadanganywi na fundi yeyote, awe wa huku au wa Kasindi. Muhula uliopita alilipa karo ya mtoto wake wa kwanza kwa fedha ya samaki.

Kwa wewe uliyerudi juzi na unashawishiwa kuchukua baiskeli nzima kwa mkopo: pita kwanza sokoni na kipande cha uzi mfukoni.