Gramu 100 za nyama, gramu 100 za mchicha

Kuna picha inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: upande mmoja pande la nyama nyekundu, upande wa pili fungu la mboga za majani, na maandishi chini yake yanadai kwamba mboga ina protini nyingi kuliko nyama. Hesabu ya picha hiyo si ya uongo. Kosa lake liko kwenye kipimo.

Chukua nyama ya ng'ombe yenye mafuta, ile ya mchanganyiko inayonunuliwa buchani kwa ajili ya mchuzi. Gramu 100 zake mbichi zina takribani gramu 17 za protini na kilokalori 250. Mchicha mbichi wa uzito huohuo una gramu 2.5 za protini na kilokalori 23 tu, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Ukipima protini kwa kila kilokalori 100, mchicha unapata gramu 11 na nyama gramu 7. Hapo ndipo mboga inapotangazwa mshindi. Lakini ili mchicha ukupe zile gramu 17 za protini, itakubidi ule karibu gramu 700 kwa mlo mmoja, na kila aliyewahi kubandika mchicha jikoni anajua jinsi sufuria iliyofurika majani inavyonywea ikabaki na vijiko vichache. Kwa upande wa protini tusibishane: nyama iko mbele, na asiyekula nyama ategemee maharage, kunde, choroko na dengu, si mchicha.

Ubishi wenye maana uko kwenye madini ya chuma, na ndio unaogusa maisha ya watu. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Sababu si chakula peke yake; malaria, minyoo na selimundu navyo vimo. Hata hivyo chuma kinachokosekana kwenye mlo ni sehemu kubwa ya tatizo, na ushauri ambao mjamzito husikia kwanza nyumbani ni "kula mchicha uongeze damu".

Tazama takwimu. Gramu 100 za mchicha mbichi zina miligramu 2.3 za chuma. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe mbichi zina miligramu 2 hadi 2.5. Kwenye jedwali la vyakula, basi, wametoka sare, na wengi hufunga mjadala hapo. Tumbo halifungi hapo.

Karibu nusu ya chuma kilichomo kwenye nyama kimefungwa ndani ya himu, ile sehemu inayoipa damu na misuli ya mnyama wekundu wake. Utumbo wetu una njia ya kuipokea himu ikiwa nzima, na mwili huchukua asilimia 15 hadi 35 ya chuma hicho bila kujali sana umekula na nini. Chuma cha mchicha hakina himu. Kinaingia tumboni kikiwa wazi, na chochote kilichomo kwenye mlo kinaweza kukikamata: faiteti za unga wa mahindi, tanini za chai, kemikali nyingine za majani yenyewe. Mara nyingi kinachofyonzwa hakizidi asilimia 10, na kwa mlo wa ugali na mboga peke yake kinaweza kushuka chini ya asilimia 5. Kwa makadirio ya wastani, nyama huacha mwilini chuma mara tatu ya kile kinachoachwa na mchicha wa uzito uleule, ingawa jedwali linaonyesha wako sawa.

Ningeishia hapo, wenye bucha wangenishukuru. Ila jambo muhimu kuliko yote liligunduliwa pale watafiti walipoacha kuvipima vyakula hivi kimoja kimoja. Mwaka 1968 Miguel Layrisse na wenzake wa Venezuela walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa kutumia chuma chenye alama ya mionzi, ili waweze kukifuatilia mpaka ndani ya damu. Waliwalisha watu mahindi au maharage meusi peke yake, kisha wakawalisha vyakula hivyohivyo pamoja na nyama. Chuma cha mahindi na maharage, ambacho peke yake kilikuwa kinapita tu, kilifyonzwa kwa wingi zaidi nyama ilipokuwepo. Maana yake ni kwamba nyama haileti chuma chake tu, inakifungulia mlango na chuma cha mboga. Samaki na kuku wana uwezo huohuo, na dagaa pia, kwani dagaa ni samaki.

Kwa hiyo kipande kidogo cha nyama kilichokatwakatwa ndani ya mchicha kinafanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Nyumba inayosubiri mwisho wa mwezi ili ipike kilo nzima siku moja, kisha ikae wiki tatu kwa mboga tupu, ingefaidika zaidi kama ingeigawa nyama hiyohiyo kidogo kidogo ndani ya mboga kwa siku nyingi.

Vitamini C nayo inafanya kazi kama hiyo, na hapa mboga inaidai nyama heshima, kwa kuwa nyama haina vitamini C ya kutajika. Mchicha mbichi una zaidi ya miligramu 40 kwa gramu 100, lakini moto na maji huipunguza. Wanaochemsha mchicha, wakaukamua na kumwaga maji, wanamwaga humo vitamini C pamoja na sehemu ya foliki asidi, kirutubisho ambacho mjamzito anakihitaji mno tangu wiki za mwanzo. Upike kwa muda mfupi, kwa maji kidogo, na ndimu ikamuliwe baada ya kuepua. Pera moja baada ya mlo ni bora zaidi: lina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C kwa gramu 100, mara nne ya chungwa. Mwenye historia ya mawe ya figo ndiye ninayemruhusu kumwaga maji, kwa sababu mchicha una oksaleti nyingi na sehemu yake hutoka na maji hayo.

Nyama haina nyuzinyuzi hata kidogo, na kalisi yake ni ya kuhesabika. Mchicha kwa upande wake hauna vitamini B12. Hakuna mboga ya majani inayoweza kutegemewa kwa hiyo. Karotini ya mchicha, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inahitaji mafuta ili ifyonzwe, na mchicha wa nazi au wa karanga unatimiza sharti hilo vizuri sana.

Kuhusu maini, ambayo wajawazito huambiwa wale kila siku: ni kweli yana chuma kingi kuliko nyama ya kawaida, karibu miligramu 5 kwa gramu 100. Lakini gramu hizohizo za maini ya ng'ombe zina takribani maikrogramu 5,000 za vitamini A, wakati kiwango ambacho mjamzito hashauriwi kukivuka ni 3,000 kwa siku. Vitamini A ya aina hiyo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito asiyafanye maini kuwa chakula chake cha kila siku. Na bitiruti, inayosifiwa kwa rangi yake, ina chini ya miligramu moja ya chuma. Wekundu wake hauhusiani na damu.

Limebaki la chai, na la mgawo wa mezani. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1975 ulionyesha kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza sana ufyonzwaji wa chuma cha mimea. Kikombe kisubiri saa moja au mbili. Na katika nyumba nyingi kipande kikubwa cha nyama huwekwa kwenye sahani ya baba, ilhali mwanamume mzima anahitaji miligramu 8 za chuma kwa siku, mwanamke aliye katika umri wa kuzaa 18, na mjamzito 27, kiasi ambacho chakula peke yake hakikifikii kwa urahisi. Ndiyo sababu kliniki hutoa vidonge vya chuma na foliki asidi.

Mama mjamzito, usiviache vidonge hivyo kwa sababu umekula mchicha. Nawe baba, nyama ikiwa kidogo leo, vipande viende kwanza kwake na kwa watoto.