Kiungo Mkabaji (3): Namba Sita Kutoka Muthurwa

Machi 2025 magazeti yalileta habari fupi kwamba Victor Wanyama, nahodha wa zamani wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, amesaini Dunfermline Athletic ya Uskochi mpaka mwisho wa msimu. Alikuwa na miaka 33. Dunfermline ilikuwa daraja la pili, na kocha wake alikuwa Neil Lennon, yule yule aliyemfundisha Celtic. Mwenye genge ninakonunua nyanya aliisoma habari hiyo akacheka: "Mwalimu, mtu wako kashuka." Nikamwambia asubiri. Jibu litakuja, ila kwanza turudi nyuma kidogo.

Msomaji aliyekuwa nami katika sehemu mbili zilizotangulia anakumbuka kwamba tuliishia mwaka 1925, pale sheria ya kuotea ilipopunguza idadi ya wapinzani wanaotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, kutoka watatu hadi wawili. Yaliyofuata yalikuwa mafuriko. Daraja la kwanza la Uingereza, lililoona mabao 1,192 msimu wa 1924/25, liliona 1,703 msimu uliofuata. Oktoba 3, 1925, Arsenal ya Herbert Chapman ilichapwa 7-0 na Newcastle. Hapo ndipo Chapman alipomsikiliza mchezaji wake Charlie Buchan, aliyekuwa akisisitiza kwamba senta hafu arudi nyuma kuziba pengo.

Ukubwa wa jambo hili unahitaji kuelezwa kwa lugha ya jikoni. Katika mfumo wa mbili-tatu-tano, wale watatu wa katikati, yaani namba 4, 5 na 6, walikuwa mafiga matatu, na timu yote ndiyo chungu. Chapman alilichukua figa la kati, namba 5, akaliweka nyuma baina ya namba 2 na 3. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili chungu huyumba. Basi akawashusha na washambuliaji wawili wa ndani, namba 8 na 10, waje kusaidia katikati. Kijana anayejidai leo kwamba yeye ni "nane" au "kumi" ajue cheo hicho kilitokana na kutumwa kusaidia kazi ya wengine.

Namba zenyewe zilichelewa. Arsenal na Chelsea walizivaa mgongoni kwenye ligi kwa mara ya kwanza Agosti 25, 1928, na ligi ya Uingereza haikuzifanya lazima mpaka 1939. Baadaye, timu zilipoanza kucheza na mabeki wanne, mmoja kati ya namba 4 na 6 alilazimika kushuka kukaa na namba 5. Waingereza walimshusha 6: Bobby Moore alinyanyua Kombe la Dunia 1966 akiwa beki mwenye namba hiyo, na aliyekaba mbele yake, Nobby Stiles, alivaa 4. Sisi huku tulimshusha 4, tukambakiza 6 katikati. Ndiyo maana kwetu mkabaji ni namba sita, hata kama jezi yake imeandikwa 12 au 29.

Namba hizi ziliingia mpaka majumbani. Dar es Salaam msichana wa kazi huitwa "beki tatu," na watu hucheka. Mimi sicheki. Nyumba inayomcheka anayeilinda haina tofauti na jukwaa linalomzomea mkabaji.

Shuleni kwetu hatukuwa na jezi. Mwalimu wa michezo alitupanga foleni vifua wazi, akaandika namba migongoni kwa chaki. Mimi alinipa sita. Nililia, maana nilitaka tisa kama watoto wote. Akaniambia, "Tisa anakula. Sita ndiye anayepika." Jasho liliifuta ile namba kabla ya mapumziko, lakini mahali pangu nilikuwa nimeshapajua.

Turudi kwa Wanyama. Alizaliwa Juni 25, 1991, akakulia Muthurwa, mtaa wa nyumba za wafanyakazi wa reli jijini Nairobi. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa kiungo pia. Alikwenda Inter Milan Januari 2010, na Aprili 28 mwaka huo, Inter ikiwa imebanwa mbavu na Barcelona katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, aliingizwa dakika za mwisho kuchukua nafasi ya Samuel Eto'o. Tazama vizuri: saa ya hatari, mfungaji alitolewa na mkabaji akaitwa.

Victor alipitia Nairobi City Stars na AFC Leopards, akaenda Helsingborg ya Sweden akiwa kijana mdogo, kisha Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2008. Mwaka 2011 akafika Celtic, akachagua jezi namba 67. Wengi walidhani ni majivuno. Ilikuwa heshima kwa kikosi cha Celtic kilichotwaa Kombe la Ulaya mjini Lisbon mwaka 1967, tena kwa kuifunga Inter 2-1, klabu ambayo kaka yake alikuja kuichezea. Kijana anayeingia nyumba ya watu kwa kuwataja wazee wa nyumba hiyo amelelewa.

Novemba 7, 2012, siku moja baada ya Celtic kutimiza miaka 125, Barcelona walitua Glasgow. Dakika ya 21 Charlie Mulgrew alipiga kona, Wanyama akaruka na kupiga kichwa, bao. Celtic walishinda 2-1. Mwaka uliofuata Southampton walilipa pauni milioni 12.5, na hakuna klabu ya Uskochi iliyokuwa imewahi kuuza mchezaji kwa fedha hizo. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Hapa ndipo ninapokereka. Ukimtaja Wanyama kijiweni, watakukumbusha kichwa cha Barcelona, au lile kombora la Anfield la Februari 4, 2018, akiwa Tottenham: aliingia akitokea benchi, kipa wa Liverpool akaupangua mpira kwa ngumi, naye akaupiga kutoka mbali ukatinga wavuni juu. Ni kweli, yalikuwa mabao mazuri. Lakini nani anautaja msimu wa 2016/17? Tottenham walimaliza wa pili kwa pointi 86, na Wanyama alicheza mechi 36 kati ya 38. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mabeki, kunusa pasi ya adui kabla haijapigwa, kuupokonya mpira na kuutoa kwa mwenzake aliye hatua tano. Pasi ya hatua tano haimpi mtangazaji la kupigia kelele. Ikikosekana, timu inafungwa.

Sisi Watanzania tulijaribu kumpa heshima, nayo haikudumu. Mwaka 2017 alipotembelea Dar es Salaam, barabara moja ya Ubungo ilipewa jina lake na kibao kikasimikwa. Haikuchukua muda kibao kikaondolewa, ikaelezwa kwamba utaratibu haukufuatwa.

Kiswahili ndicho kilichompa mkabaji heshima ya kudumu, kwa kumwita kiungo. Kiungo ni goti na kiwiko. Kiungo ni iliki na mdalasini. Pilau ikinoga hatusifu mdalasini, tunasifu nyama. Na Agosti 2017 ni goti, kiungo cha mwili, lililomwangusha kiungo wa uwanjani. Alikaa nje miezi kadhaa, na hakurudia tena kucheza kila wiki Tottenham. Aliiongoza Kenya kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2019 nchini Misri, ambako walitufunga 3-2 (sijasahau). Machi 2020 alihamia Montréal, Kanada, na mwaka 2021 akastaafu timu ya taifa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa genge, jibu lako ni hili: kocha aliyemjua akiwa na miaka 20 alimwita tena akiwa na 33, wakati timu ilikuwa katika shida. Fundi haitwi tena kama kazi yake ya kwanza ilivuja.

Nafasi imeniishia, na nilikusudia kuzungumzia CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa Agosti 2025 katika viwanja vya Tanzania, Kenya na Uganda, na AFCON ya 2027 iliyopangiwa kwetu sote watatu. Niseme moja tu. Viwanja vinajengwa, nyasi zinapandwa, na kila mzazi anamtaka mwanawe awe namba tisa. Walimu wa michezo, nawaomba: yule mtoto anayelilia tisa, mpeni sita kwa muhula mmoja. Atalia. Mwacheni alie, kisha mfundisheni kupika.

Sehemu ya nne, Mungu akipenda, ni namba nane.