Je, Wajua? Kamera za Mkanda, Majani Mekundu ya Kivu na Picha za Kahawa

Simu imeua kamera ya mkanda, au ndivyo tulivyodhani. Wapo wapiga picha wa leo wanaoirudia kwa makusudi, na ukifuatilia habari zake utaikuta Kongo kila kona. Je, wajua kwamba…

…milima ya Kivu imewahi kuonekana myekundu kama waridi? Kuanzia mwaka 2010 Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ayalandi, alizunguka mashariki mwa Kongo na filamu ya Kodak Aerochrome, ambayo kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuitengeneza. Filamu hiyo hunasa miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Majani mabichi huirudisha miale hiyo kwa wingi, nayo filamu huigeuza kuwa nyekundu.

…filamu hiyo ilikuwa ya kijeshi? Ilitumiwa kupiga picha kutoka angani ili kumfichua adui. Turubai lililopakwa rangi ya kijani hudanganya macho, lakini halirudishi infraredi kama jani hai, hivyo hutokea kwa rangi tofauti na pori lililolizunguka.

…vita vya Kivu vilifika Venice? Kazi ya Mosse iitwayo *The Enclave* iliwakilisha Ayalandi katika maonyesho ya Biennale mwaka 2013, ikionyeshwa kwenye skrini 6. Trevor Tweeten ndiye aliyeshika kamera ya milimita 16, na sauti ni za Ben Frost. Wapo waliolalamika kwamba rangi hiyo inapamba maafa. Mosse yeye alitaka vita ambavyo dunia haivitazami vionekane.

…mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa mita 30 huisha kabla ya dakika 3? Mpigaji lazima ajue anachokitaka kabla ya kubonyeza.

…kamera ya dijitali ina madini ya aina inayochimbwa Kivu? Koltani, kama ile ya Rubaya huko Masisi, hutoa tantalamu inayotumika katika vifaa vya elektroniki. Kamera ya zamani ya springi na gia haihitaji hayo. Pentax K1000, iliyouzwa kuanzia 1976, hupiga picha hata bila betri, kwa kuwa betri yake ni ya kupimia mwanga tu. Umeme ukikatika Kamango, huko Kivu, yenyewe haina habari.

…bomu la atomiki liliwahi kuharibu filamu za Kodak? Baada ya jaribio la New Mexico, Julai 1945, filamu za eksirei zilitokea na madoa. Mwanasayansi wa kampuni, Julian Webb, aligundua chanzo: vumbi la mionzi lilikuwa limeangukia mto huko Indiana, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka eneo la jaribio, na kiwanda kilitumia maji ya mto huo kutengenezea karatasi ngumu ya kufungia filamu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu hilo ilitoka Shinkolobwe, Katanga.

…kamera ilimtikisa Mfalme Leopold II? Mmisionari Alice Seeley Harris alifika Kongo mwaka 1898. Mwaka 1904, huko Baringa, alimpiga picha Nsala akitazama mkono na mguu wa binti yake, waliyemuua askari wa kampuni ya mpira. Picha zake zilizungushwa Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa koloni lake.

…picha za 1906 bado zinafanya kazi Ruwenzori? Vittorio Sella aliupiga picha mlima huo katika msafara wa Duke wa Abruzzi, uliofika kilele cha Margherita, mita 5,109. Watafiti wa leo huzilinganisha na hali ilivyo sasa. Wakati huo barafu ilienea karibu kilomita za mraba 6.5, kufikia 2003 haikufika hata 1.

…harusi ilizaa mpiga picha wa starehe za Kinshasa? Jean Depara alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili aweke kumbukumbu ya ndoa yake. Baadaye akawa mpiga picha wa mwanamuziki Franco na wa baa za usiku.

…ng'ombe na haradali wamo ndani ya filamu? Chembe za fedha hushikiliwa na jelatini ya ngozi na mifupa ya ng'ombe. Miaka ya 1920 Samuel Sheppard wa Kodak aligundua kwamba salfa kutoka mimea jamii ya haradali, iliyoliwa na ng'ombe hao, ndiyo iliyoifanya filamu iwahi kunasa mwanga.

…kahawa husafisha picha? Mwaka 1995 darasa moja huko Rochester, Marekani, lilisafisha filamu nyeusi na nyeupe kwa kahawa ya unga inayoyeyuka na magadi ya kufulia; baadaye watu wakaongeza vitamini C. Kinachofanya kazi ni asidi ya kafeiki, wala si kafeini. Wakulima wa Butembo na Beni, mmesikia?

…kamera mpya za mkanda bado zinatoka kiwandani? Pentax 17 ilizinduliwa mwaka 2024. Mkanda wa picha 36 hutoa 72, kwa kuwa kila picha huchukua nusu ya nafasi.

…kamera ya babu inaweza kuwa na picha ambazo hazijasafishwa? Usiifungue! Zungusha taratibu kitasa cha kurudishia mkanda, kufuata mshale wake. Ukihisi kinavuta, mkanda umo. Urudishe wote kwenye mkebe wake, ndipo ufungue, kisha umtafute fundi.