Karata ya Asubuhi au Muhasaba? Swali Kutoka Roret



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama na mabinti zetu, juma hili tunajibu swali lililotufikia kutoka mbali na mwambao: Roret, katika Bureti ya kaunti ya Kericho, nchi ya chai. Majani yanayochumwa kule huteremka hadi kwetu Mombasa kunadiwa, na wapo wana wetu waliopanda kule kwa ndoa au kwa kazi.

Muulizaji ni dada aliyeolewa huko. Kila siku baada ya swala ya alfajiri hufungua programu katika simu, akavuta karata moja ya taroti, akaitazama picha yake, kisha akaandika daftarini yanayomjia moyoni. Anasema haendi kwa mganga wala hatafuti kujua ya kesho. Anaitafakari nafsi yake tu. Je, pana ubaya gani?

Swali hili hatutalijibu kwa ukali. Mama aliye mbali na jamaa zake, mume kazini, watoto shuleni, ana haja ya kweli ya kukaa kitako na nafsi yake. Tunachouliza ni kama karata inaitimiza haja hiyo.

Asili ya karata hizi

Taroti ni karata 78: 22 ni za picha kubwa, na 56 zimegawika mafungu manne. Zilizuka Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na zilikuwa mchezo wa mabwana wakubwa. Karata zenyewe ziliingia Ulaya kutoka nchi za Kiislamu. Karata za Misri ya Mamaluki, zenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo, zimehifadhiwa hadi leo katika kasri la Topkapi, Istanbul. Sisi nasi tulizipokea kwa Wareno pamoja na majina yake: kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pau ni magongo. Mafungu ya taroti ni hayo hayo.

Uaguzi ulikuja baadaye sana. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin alidai kuwa picha hizo ni hekima ya siri ya Misri ya kale. Aliandika hayo miaka zaidi ya 40 kabla ya maandishi ya Misri ya kale kusomeka. Na picha zinazojulikana zaidi leo zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikachapishwa London mwaka 1909. Basi anayeambiwa kuwa anashika siri ya mafirauni, ajue kuwa ameshika mchezo uliovishwa joho.

Tusiwacheke wenzetu

Hata hivyo, mwambao hauna haki ya kumcheka dada huyu. Kwetu watu wamepiga ramli na bao, wakahesabu herufi za jina la mtu na la mama yake kutafuta nyota yake, na wengine wakafungua msahafu kuchungulia bahati. Utabiri wa mnajimu wa Dar es Salaam, marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, ulisomwa magazetini na Waislamu na wasio Waislamu. Na huko huko nchi ya chai, Wakipsigis walikuwa na waonaji wao wa ukoo wa Talai. Neno lao lilikuwa na uzito hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuwahamisha, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Victoria, wakubwa kwa watoto. Kutaka kujua yaliyofichika ni tabia ya binadamu popote alipo.

Mishale ya Makka

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na mishale iitwayo azlam. Mtu akikusudia safari au ndoa, huvuta mshale: mmoja umeandikwa amri, wa pili katazo, wa tatu hauna kitu; ukitoka huo huvuta tena. Qur'ani imeiharamisha katika Suratul Maida, aya ya 3 na ya 90. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo hakubaliwi swala yake masiku arobaini.

Dada yetu atasema: mimi siulizi, natafakari. Tumemsikia. Lakini katika barua yake yamo maneno yanayojibu. Asubuhi moja ilimtokea picha ya moyo uliochomwa panga tatu. Siku hiyo mumewe alichelewa kurudi na simu yake haikupatikana. Alipofika usiku, alikuta chakula kimefichwa na mke hasemi naye. Siku tatu nyumba haikuwa na salamu. Mume alikuwa ameongezewa zamu, na simu ilikuwa imeishiwa moto.

Angalieni jambo hili lilivyokwenda. Karata ilitoka kwa bahati tu, haimjui mume wala mke. Hofu ilikuwa ya mke mwenyewe, bali karata iliivisha sauti ya shahidi. Hapo ndipo kutafakari kulipogeuka kuwa uaguzi, na mwenyewe hakuuona mpaka alipouvuka.

Wazee wamesema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa Roret akiona wingu zito akahofia mvua ya mawe itakayochana majani ya chai, hakudai kujua ghaibu. Wingu na mvua vina uhusiano aliouumba Mola. Picha ya simuni na mume aliyechelewa vina uhusiano gani?

Daftari libaki, karata iondoke

Hatumwambii dada huyu aache kutafakari. Suratul Hashri, aya ya 18, inaitaka kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Hiyo ndiyo muhasaba, na daftari lake lafaa sana kwa kazi hiyo. Tunamshauri ajiulize kila siku maswali matatu: Leo nimeneemeshwa nini? Nimemkosea nani, na nitamtaka radhi lini? Ni lipi linalonitia hofu, na nina dalili gani ya kweli? Swali la tatu peke yake lingeziokoa siku zile tatu.

Akiwa na jambo la kuamua, ipo istikhara. Jabir, Allah amridhie, amesimulia katika Bukhari kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafunza istikhara katika mambo yote kama alivyowafunza sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili na dua. Wanazuoni wamesema imekuja mahali pa ile mishale. Lakini tahadhari: wengi wetu huigeuza kuwa ramli nyingine, wakalala wakingoja ndoto ya rangi nyeupe au nyekundu. Hadithi haikutaja ndoto. Mtu huswali, akashauriana na wenye busara, akalishika jambo, akamwachia Mola aliwepesishe au aliepushe.

Nanyi akina baba, mke anayeizungumzia karata ya simu huenda amekosa wa kuzungumza naye. Muulizeni habari za siku yake, na mkichelewa mtafute njia ya kumpasha habari. Na ikiwa huzuni imemzidi mtu hata halali wala hali, apelekwe kwa tabibu. Kujitibu nako ni sunna.

Allah atujaalie tuwe wenye kujihesabu kabla ya siku ya hesabu, na azitie utulivu nyumba zetu, za pwani na za bara. Amin.