Haki za waathiriwa wa uhalifu (3): Nani anamlipa anayewahudumia?

Wiki iliyopita tuliishia pale mwathiriwa anapotoka kituo cha polisi akiwa ameshaandikisha maelezo, na hajui aelekee wapi. Anayempokea hapo sharti alipwe na mtu. Leo natumia mfano wa Marekani, kwa kuwa utaratibu wake uko wazi na kasoro yake inasomeka katika hesabu.

Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyoanzisha Mfuko wa Waathiriwa wa Uhalifu. Mfuko huo hautegemei kodi. Unajazwa na faini, dhamana zilizotaifishwa na tozo za waliotiwa hatiani katika mahakama za serikali kuu. Aliyedhuru ndiye alipe. Hapo sina ugomvi. Katika ruzuku za huduma, kila jimbo hupata dola 500,000 za kuanzia, kisha nyongeza kulingana na idadi ya watu, nalo hugawia asasi za mijini na vijijini.

Huko ndiko kazi inakofanyika. Mwanamke aliyebakwa anafikishwa hospitali usiku wa manane. Mhudumu wa asasi anapigiwa simu, anakuja, anakaa naye daktari anapochukua vielelezo, anamtafutia nguo za kuvaa maana alizokuja nazo zimekuwa ushahidi. Miezi kadhaa baadaye anamsindikiza mahakamani. Hamtozi hata senti moja. Mara nyingi mshahara wake, mafuta ya gari na kodi ya ofisi hutegemea ruzuku hiyo.

Sasa tazama chanzo chake. Faini nono hutoka kwa kampuni na benki kubwa. Kesi moja ikiisha, mfuko unafurika, zikikosekana, unakauka. Mwaka wa fedha 2017 ziliingia zaidi ya dola bilioni 6.5. Mwaka 2020 ziliingia kama milioni 500 tu. Waendesha mashtaka walikuwa wamezidi kumaliza kesi za kampuni kwa makubaliano bila hukumu, na fedha za makubaliano hayo zikawa zinaingia hazina kuu. Julai 2021 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kuzirudisha mfukoni, lakini pengo halikuzibika mara moja. Kikomo cha matumizi kinachowekwa na Bunge kilikuwa dola bilioni 4.4 mwaka 2018; mwaka 2024 kilikuwa kama bilioni 1.35.

Mtu anayepigwa nyumbani kwake hangoji benki ihukumiwe. Kumwajiri mhudumu mwaka huu na kumwachisha kazi mwakani ni kumtelekeza mwathiriwa katikati ya kesi yake, na huo, kwangu, ni ukatili wa pili.

Kwetu Kenya jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Ibara ya 50(9) ya Katiba ya 2010 iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa. Sheria hiyo ikapatikana mwaka 2014, na ndani yake mna hazina ya waathiriwa. Faini na misaada ya wafadhili ziongezee, sawa. Mishahara ya wahudumu na gharama za nyumba salama ziwe na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, ya taifa na ya kaunti. Wananchi hualikwa kutoa maoni kabla bajeti haijapitishwa. Fungu hilo liulizwe hapo, kwa jina na kwa kiasi.

Wiki ijayo: fidia anayolipwa mwathiriwa mwenyewe, ambayo New Zealand iliitungia sheria mwaka 1963.